Saa ya Shuruk

Kifuniko cha birika kiligongagonga jikoni: tik, tik, kikatulia, kisha tik tena. Nje bado giza, adhana ya alfajiri ndiyo kwanza imeisha. Basant alifumbua macho akasikiliza bila kujitikisa. Alijua ni dada yake Shuruk, anafukiza vinyoya.

Shuruk alikuwa mchezaji wa badminton, na siku ya mazoezi makubwa haikuanza bila birika. Alishika kopo refu la vinyoya, vile vipira vya manyoya vya mchezo huo, juu ya mvuke, akalipitisha mara moja, mara mbili, kisha akaliweka kando vipoe kwa saa nyingi. "Ukumbi wetu unavikausha kama mkate wa juzi," alipenda kusema. "Kinyoya kisichopata mvuke kinavunjika kwa pigo la tatu." Baada ya hapo alitawadha, akaswali, akarudi kulala hadi saa moja asubuhi, kama kocha wake alivyomwamuru.

Leo ilikuwa Ijumaa, hakuna shule. Basant angeweza kujifunika shuka na kulala mpaka jua liingie chumbani. Lakini tangu mwezi wa tatu usingizi wake ulikuwa mwepesi. Mlango ukilia, anaamka. Hatua zikisikika kwenye ngazi, anaamka. Shuruk aliporudi chumbani na kujitupa kitandani upande wa pili, Basant alifumba macho haraka akajifanya amelala.

"Najua huna usingizi wewe," Shuruk alinong'ona. "Pua yako inachezacheza."

Basant aliifunika pua kwa shuka. Muda si mrefu dada yake akaanza kupumua taratibu, mkono wake wa kushoto ukining'inia nje ya kitanda. Ndio mkono wake wa kuchezea. Basant aliutazama mkono ule katika kiza chepesi, akageukia ukutani.

Shuruk alikuwa na miaka ishirini na miwili. Alianza kucheza akiwa na miaka tisa, kwenye kituo cha vijana cha mtaa wao hapa Mansura, ambako wavu ulifungwa kati ya nguzo ya mpira wa kikapu na nondo za dirisha. Watu walimcheka. "Badminton? Si ule mchezo wa ufukweni Ras el Bar, watu wakisubiri samaki waive?" Yeye aliendelea. Akawa bingwa wa mkoa, kisha wa wasichana wa Misri nzima, kisha akaumia goti na kukaa nje mwaka mmoja, kisha akarudi. Sasa alikuwa amebakiza mashindano ya Afrika ya mwezi wa pili huko Kampala. Akifanya vizuri kule, jina lake lingeingia katika orodha ya wanaogombea nafasi ya Olimpiki.

Mchezaji wa kiwango hicho hupimwa dawa za kuongeza nguvu. Wapimaji huja bila taarifa, na hawapigi simu kwanza, kwa sababu wanataka kumkuta ghafla. Ili wamkute, mchezaji huandika saa moja katika kila siku ambayo atakuwa mahali fulani bila kukosa. Shuruk aliandika nyumbani, saa kumi na mbili hadi saa moja asubuhi. "Nani atanikosa saa hiyo?" alisema. "Nimelala kama gunia." Asipopatikana katika saa yake mara tatu ndani ya miezi kumi na miwili, anafungiwa kucheza, hata miaka miwili, kana kwamba alikula dawa kweli.

Shuruk alikuwa ameshakosa mara mbili. Mara ya kwanza, mwezi wa kwanza, treni kutoka Kairo ilichelewa. Mara ya pili, mwezi wa tatu, hakuna aliyeielewa. Shuruk aliapa kwamba alikuwa ndani, kitandani, na kengele haikulia.

Ni kweli haikulia. Basant alijua kwa nini.

Asubuhi ile ya mwezi wa tatu alikuwa amefungua mlango aende shule, mkoba mgongoni, akakutana uso kwa uso na mwanamke mwenye miwani na kijana aliyebeba sanduku la buluu. Kidole cha mwanamke kilikuwa kinakwenda kwenye kengele. "Shuruk yupo?" aliuliza. Na Basant akajibu kama alivyofundishwa: "Amesafiri. Yuko Aleksandria kwa shangazi."

Aliyemfundisha ni Bibi Insaf, mama yake baba. Bibi aliogopa jicho la husuda kuliko alivyoogopa moto. Miaka mitatu nyuma, jirani yao Bi Tahia alisimama mlangoni akasema mbele ya watu, "Jamani, tazameni miguu ya binti huyu, kama ya swala," na siku tatu baadaye goti la Shuruk likachanika uwanjani. Tangu siku hiyo Bibi aliweka sheria. Yeyote atakayemuulizia Shuruk mlangoni, awe jirani, awe ndugu, awe nani, jibu ni moja: amesafiri. Basant aliiweza kazi hiyo. Alijua kuongeza mji na jina la shangazi, bila kupepesa macho, na Bibi alimsifu.

Barua ilipofika wiki mbili baadaye, Basant alielewa wale walikuwa akina nani. Shuruk alisoma barua mara tatu akiwa amesimama. Kisha akasema, "Ni kengele. Kengele imekufa." Alichukua pesa za zawadi yake ya mashindano ya Zagazig akanunua kengele mpya inayolia kama mbwa aliyekanyagwa mkia. Akaandika maelezo kuhusu kengele, akajibiwa kwamba kengele ni juu yake mwenyewe. Mwezi mzima akalala sebuleni kwenye kochi, karibu na mlango, mpaka mgongo ukamuuma na kocha akamkataza. Siku hizo zote Basant alikuwa anasema kesho. Kesho nitamwambia. Kesho zikafika miezi minane.

Mwanga ukaingia kidogokidogo. Mama alikuwa zamu ya usiku hospitalini, na Baba kazini Kuwait kama kawaida. Bibi aliamka, akaswali, akaanza kuzungukazunguka na chetezo cha ubani wa Ijumaa. Basant alisikia anafungua mlango wa nje kutoa taka. Kisha akasikia sauti. Sauti ya mwanamke, ya chini, yenye adabu. Kisha sauti ya Bibi, nyororo kama siagi. Mlango ukafungwa.

Basant alitoka chumbani kwa ncha za vidole. "Nani huyo, Bibi?"

"Sijui. Mke na mume, au dada na kaka, hata sikuwauliza. Wanamtaka Shuruk." Bibi alicheka kidogo, akapuliza makaa ya ubani. "Asubuhi yote hii. Nimewaambia amesafiri tangu Jumatano. Kwa shangazi yake Tanta."

"Mwanamke ana miwani?"

"Anayo. Na yule kijana ana sanduku, kama wauza samaki wa barafu. Mbona umekuwa mweupe hivyo, mwanangu? Hukula jana?"

Basant aliangalia saa ya ukutani. Saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili.

Alikimbilia roshani. Chini, ng'ambo ya mtaa, mkokoteni wa Ami Bekhit wa ful, yale maharage ya asubuhi, ulikuwa umeshafunguliwa na moshi wa bajia zake za taamia unapanda. Pembeni yake ilisimama gari ndogo nyeupe. Mwanamke mwenye miwani alikuwa ameegemea mlango wa gari, akiangalia lango la jengo lao. Kijana alikaa ndani na sanduku la buluu mapajani. Walikuwa hawajaondoka. Basant alikumbuka: Shuruk alishasema kwamba sheria inawataka wangoje hadi saa iishe.

Jambo rahisi lilikuwa kumwamsha Shuruk. Alirudi chumbani, akasimama kando ya kitanda cha dada yake, mkono tayari umenyooka. Ukabaki hewani. Shuruk akishuka atamkuta mwanamke yule yule. Atauliza, mbona mara ya pili hamkugonga? Na mwanamke atasema, tuliambiwa na binti mdogo wa shule. Shuruk angegeuka amtazame. Basant aliuona uso ule kabla haujageuka.

Aliurudisha mkono. Akaenda jikoni, akanywa maji ambayo hakuwa na kiu nayo. Akarudi sebuleni. Saa kumi na mbili na dakika kumi na nane.

"Kaa chini, unanizungusha kichwa," alisema Bibi.

"Bibi, wale ni wapimaji wa dada."

"Wapimaji gani? Mtu anayepima havai viatu vizuri hivyo. Na hata kama ni hao, si wamekwishaambiwa? Watakuja siku nyingine, dunia haijaisha."

Bibi hakuwahi kuelewa habari za barua na saa. Kwake mgeni wa kweli hutangulia kutuma salamu, kisha hugonga, kisha hungoja, kisha huja tena. Basant alifungua mdomo aeleze, akaona kwamba akieleza hili atalazimika kueleza na lile. Akaufunga.

Ndipo kikapu kikamjia akilini. Kilining'inia kwenye roshani kama vikapu vyote vya mtaa ule, na kamba yake ndefu ya kuteremshia hadi chini kununua ful bila kushuka ngazi. Alichukua karatasi ya daftari la hesabu. Akaandika kwa mkono wa kushoto, ili mwandiko usijulikane: *Shuruk yuko ndani. Amelala.* Akaiweka kikapuni, akateremsha.

Ami Bekhit alikuwa mtu mnene, mwepesi wa maneno na mgumu wa kusikia. Alikipokea kikapu, akaitoa karatasi, akaiangalia kwa mbali, akaiangalia kwa karibu.

"Sina miwani, binti," alipaza sauti. "Ya pauni ngapi? Ful au taamia?"

Basant alitikisa kichwa, akaonyesha kwa kidole: mpe yule mama. Mpe yule mama. Hakuthubutu kutoa sauti.

"Ahaa." Ami Bekhit alimgeukia mwanamke mwenye miwani, akainama kwa heshima. "Bibi, huyu mtoto wa juu anasema nikuhudumie wewe kwanza. Watoto wenye adabu bado wapo Mansura, alhamdulillahi. Nikuwekee taamia ngapi?"

Mwanamke alitabasamu, akakataa kwa mkono kifuani. Akainua macho kuelekea roshani. Basant alijitupa chini nyuma ya nguo zilizoanikwa. Alipochungulia tena, Ami Bekhit alikuwa anaikunja ile karatasi kuwa mfuko mdogo, anatia taamia sita za moto ndani yake. Akavuta kamba mara mbili, ishara ya kwamba tayari.

Kikapu kilipofika juu maneno yalikuwa yamelowa mafuta, hayasomeki. Basant aliziweka taamia mezani. Saa moja kasorobo.

Alikwenda chumbani tena. Shuruk alikuwa amegeuka, sasa amelala kwa tumbo, kovu la goti linaonekana. Basant alilijua kovu lile vizuri. Wakati huo alikuwa na miaka minane, na yeye ndiye aliyehesabu kila siku dada yake alipojifunza kupiga hatua upya: leo hadi mlangoni, leo hadi roshani, leo hadi chini na kurudi. Shuruk alilia mara moja tu katika mwaka mzima ule, na alipolia alisema, "Si maumivu. Ni kwamba wengine wanacheza na mimi sichezi."

Dakika kumi na tatu zilibaki. Baada ya hapo, miaka miwili ya wengine kucheza.

Basant alivaa ndala, moja yake na moja ya Shuruk, akafungua mlango.

"Unakwenda wapi na nywele hizo?" Bibi aliuliza nyuma yake.

"Chini."

Ngazi za ghorofa tatu alizishuka akiruka mbilimbili. Langoni alisimama. Mwanamke alikuwa anaangalia saa yake ya mkononi na kuandika kitu kwenye ubao wenye karatasi. Barabara ilikuwa nyembamba, hatua kumi tu. Basant alizipiga zote kumi, na kila moja ilikuwa nzito kuliko iliyotangulia.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba." Mwanamke aliinua macho. Alimtazama kwanza kama mtu anavyomtazama mtoto yeyote wa mtaani. Kisha akamtazama vingine. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Wewe nakujua."

"Ndiyo."

"Mwezi wa tatu. Ulikuwa na mkoba mgongoni. Ulisema yuko Aleksandria."

Kijana aliyekuwa garini aliteremsha kioo asikie vizuri. Ami Bekhit naye aliacha kukoroga.

"Dada yangu yuko ndani," alisema Basant. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Yuko ndani, amelala. Hajasafiri. Bibi hakujua ninyi ni nani. Twendeni, tafadhali, muda unaisha."

Mwanamke aliinua ubao wake. Aliandika kwanza saa kwenye karatasi yake, saa moja kasoro dakika kumi, kisha akamwashiria kijana, na wote watatu wakavuka barabara. Kwenye ngazi alikuwa anahema, lakini hakupunguza mwendo. Ghorofa ya pili tu ndipo aliposema, bila kumwangalia Basant, "Naitwa Daktari Naglaa. Mwezi ule wa tatu, dada yako naye alikuwa ndani?"

Basant aliitikia kwa kichwa.

"Anajua?"

Basant alitikisa kichwa.

"Mimi kazi yangu ni kuandika ninachokiona na ninachoambiwa," alisema Daktari Naglaa. "Niliandika, karatasi iko ofisini. Siendi mlangoni kwa watu kusema ya nyumbani kwao. Hayo yana wenyewe."

Bibi aliwafungulia mlango, chetezo cha ubani mkononi, na alipowaona hakuyumba hata kidogo. "Mmerudi? Karibuni, mbarikiwe. Lakini kama nilivyowaambia, Shuruk yuko Tanta, na shangazi yake amemng'ang'ania asirudi kabla ya..."

"Bibi, nani amechukua ndala yangu moja?" Shuruk alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba, nywele zimesimama upande mmoja, alama ya mto shavuni.

Kijana wa sanduku alianza kuangalia dari kwa makini sana.

"Tanta ni karibu siku hizi," alisema Daktari Naglaa kwa upole. Akaonyesha kitambulisho chake. "Shuruk, nimekuja kukupima. Ni saa moja kasoro dakika saba. Uko ndani ya saa yako."

Uso wa Shuruk uliamka wote kwa mara moja. Akaangalia kitambulisho, saa ya ukutani, mlango, Bibi, Basant. Akaelewa nusu ya mambo. "Kengele haijalia," alisema.

"Haijalia," alisema Daktari. "Mdogo wako alitufuata chini."

Kupima si jambo la dakika mbili, hasa kwa mtu aliyekwenda msalani alfajiri. Shuruk alikunywa maji, akatembea kutoka kochi hadi roshani, akanywa tena, na Daktari akimfuata kila anapokwenda, maana sheria haikumruhusu kumwacha atoke machoni pake hata kidogo. Bibi aliposikia kwamba mgeni lazima aingie na mjukuu wake hadi msalani, aliketi chini na kujipepea. Kijana alipanga chupa mbili ndogo mezani, karibu na taamia zinazopoa.

Basant alikaa pembeni, mikono chini ya mapaja. Kila Daktari alipofungua mdomo, yeye alisubiri Aleksandria itajwe. "Naomba jina lako kamili." Si hilo. "Umetumia dawa yoyote wiki hii?" Si hilo. "Saini hapa, na hapa." Robo tatu ya saa ilipita hivyo. Chupa zikajazwa, zikafungwa kwa vifuniko visivyofunguka, namba zikasomwa mara mbili kwa sauti, sanduku la buluu likafungwa.

Mlangoni Daktari Naglaa aliwaaga wote, akamfikia Basant mwishoni. Alimpa mkono, kama anavyompa mtu mzima, akaushika muda mrefu kidogo kuliko kawaida, akaenda zake. Viatu vyake vilisikika ngazi hadi ngazi, hadi lango, hadi mlango wa gari.

Shuruk aliegemea mlango akateleza polepole mpaka akakaa sakafuni. Alicheka, kisha akajifuta macho kwa kiganja.

"Ilikuwa ya tatu," alisema. "Jamani, ilikuwa ya tatu. Ningekuwa nimelala pale, naota, na kila kitu kimekwisha." Akamvuta Basant kwa nguvu hadi wakagongana vichwa. "Umeniokoa, panya wewe. Kocha nitamwambia, Mama nitamwambia, Kampala nikifika nusu fainali nakununulia raketi yako mwenyewe, si ile ya plastiki."

Basant alibanwa kifuani kwa dada yake, akinusa ule mvuke wa vinyoya kwenye fulana, na hakuweza kumkumbatia. Mikono ilikataa.

Bibi alikuwa bado ameketi. Makaa ya ubani yalikuwa yamezimika na hakuyapuliza. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya chini, na haikuwa ile ya mlangoni.

"Nisamehe, Shuruk. Mimi ndiye niliyewafukuza leo."

"Hukujua, Bibi."

"Sikujua, kwa sababu sikuuliza. Nilikuwa na jibu tayari mdomoni kabla mtu hajamaliza kusema amekuja kwa nini." Alikunjua kitambaa chake cha kichwa, akakikunja tena. "Miaka mitatu nimekaa hapa naogopa macho ya watu yasikudhuru. Hakuna jicho lililokaribia kukuharibia kama ulimi wangu leo. Nilijiambia ni uongo mdogo tu, wa kujilinda, haumuumizi mtu. Na mtoto huyu nimemfundisha hivyo hivyo, nikamsifu, kama namfundisha kupika." Akamtazama Basant. "Sikiliza, mwanangu. Ulichofanya leo ni kukitengua nilichosema mimi, tena mbele ya wageni, na ni sawa. Usimfiche mtu ukweli kwa sababu mkubwa amekutuma. Ukitaka kumficha mtu jambo, sema huwezi kulisema, inatosha. Ukishasema uongo, hujui utamfikia nani wala lini, na anayeweza kuurudisha ni yule aliyeutoa. Mwingine hawezi kumfanyia."

"Basi, Bibi, yamekwisha," alisema Shuruk. Alisimama, akanyoosha goti, akachukua taamia moja baridi. "Ila ile ya mwezi wa tatu mpaka leo siielewi. Kengele ya leo nzima, na haikulia. Labda hata ile ya zamani haikuwa mbovu." Alitafuna, akaikunjua karatasi ya taamia bila kuiangalia, akaitupa. "Siku moja nitaomba wanionyeshe walichoandika."

Basant alisimama katikati ya sebule, ndala moja yake na moja ya Shuruk. Hakuna aliyekuwa anamtazama. Bibi alikuwa anakusanya makaa, Shuruk anafuta vidole kwenye fulana. Angeweza kwenda jikoni kunywa maji. Angeweza kusema kesho.

"Dada."

"Mmh?"

"Mwezi wa tatu, niliyewaambia kwamba umesafiri ni mimi."